Mchezo wa vita watua Hasamba: na mizigo anabeba nani?

Nilipotea kidogo kwa sababu mitihani ya mwisho wa mwaka ilitukalia kooni, si mnajua tena mambo ya UE, mtu unadesa mpaka unasahau kula. Sasa niko likizo nyumbani Hasamba, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. (Kwa wale waliosoma jiografia ya zamani: huku kulikuwa mkoa wa Mbeya mpaka 2016, msinibishie.) Ni msimu wa kahawa, hivyo mchana tunachuma buni na jioni ndo mtu unajipumzisha. Safari hii nimekuja na mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja kule kampasi, mtoto wa Tanga, anasoma uhandisi ila akili yake yote iko kwenye vita. Na kaja na boksi.

Kwa hiyo leo hakuna siasa wala habari za bumu. Leo ni historia, ila imepitia kwenye ubao wa mchezo.

Boksi lenyewe ni la mchezo unaoitwa Memoir '44. Ulitoka mwaka 2004, umebuniwa na Mmarekani Richard Borg na kuchapishwa na kampuni ya Days of Wonder, ukaenda sambamba na kumbukumbu ya miaka 60 ya Washirika kutua Normandy. Jamaa alitumiwa na shangazi yake anayeishi Uingereza. Ukiufungua unakuta ubao uliogawanywa vyumba vya pembe sita kama masega ya nyuki, askari wa plastiki wa rangi mbili, vifaru, mizinga, dadu na kadi. Kadi inakwambia leo unaruhusiwa kuamuru vikosi vya kushoto, vya katikati au vya kulia, basi. Ukiwa na vikosi vizuri kushoto na kadi zote mkononi ni za kulia, umekwisha. Kikosi cha miguu kina askari wanne, na dadu likiangukia alama yao anaondoka mmoja mmoja. Kikiisha chote, mpinzani anapata medali. Anayetimiza idadi ya medali kwanza kashinda. Dakika arobaini hivi mmemaliza. Kiukweli ni mtamu.

Sasa michezo ya namna hii ina tabia moja: haiishi. Ukishanunua boksi la kwanza, inakuja nyongeza, halafu nyongeza ya nyongeza. Mwaka 1977 kampuni ya Avalon Hill ya Marekani ilitoa mchezo wa Squad Leader wa John Hill, wa mapigano ya vikosi vidogo vidogo. Ikafuata Cross of Iron mwaka 1978, Crescendo of Doom 1980, GI: Anvil of Victory 1982, na kila moja ikaongeza kanuni juu ya kanuni mpaka 1985 wakaona heri waandike mchezo upya kabisa. Memoir '44 nayo imepata nyongeza zake za jangwani, za Urusi, za Pasifiki, za ndege. Na huyo huyo Borg mwaka 2015 akatumia mtindo wake kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, ila vile vya mahandaki ya Ulaya.

Huku kwetu hakufika. Mwenzangu akasema haiwezekani, nchi hii walipigana miaka minne halafu hatuna hata kadi moja? Akakaa muhula mzima anatengeneza nyongeza yake mwenyewe. Ubao wa manila, kadi arobaini za kuchora kwa mkono, kurasa sita za kanuni. Anataka kuipeleka kwenye maonesho ya wanafunzi mwaka ukifunguliwa. Na kwa kuwa mimi ndiye nasoma historia na ndiye mtu wa huku, akanipa kazi ya kuikagua, na akataka tuijaribu hapa hapa, kwa sababu ramani yake ni ya huku.

Kabla sijasema nilivyoiona, kitu kimoja ambacho wengi hatukijui: Wajerumani waliotutawala walikuwa watu wa michezo hii hii. Mwaka 1812 Mprusi mmoja aitwaye von Reisswitz alimtengenezea mfalme wake meza ya kuchezea vita. Mwaka 1824 mtoto wake, ofisa wa mizinga, akautoa mchezo ukiwa na ramani halisi, vipande vya vikosi, dadu na mwamuzi. Jeshi la Prussia likaupenda, maofisa wakafundishwa nao, na baada ya Prussia kuipiga Ufaransa mwaka 1870 na 1871 majeshi mengine nayo yakauiga. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyefika Dar es Salaam Januari 1914 kushika uongozi wa jeshi la Kijerumani, ni wa kizazi cha maofisa waliolelewa na mchezo huo. Kwa hiyo mwenzangu anapomkalisha von Lettow kwenye ubao wa manila, anamrudisha nyumbani.

Haya, sasa nyongeza yenyewe.

Ramani inaonesha uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kulia kuna Karonga, kushoto kuna Abercorn (siku hizi Mbala), katikati kuna Fife, boma la Waingereza lililokuwa jirani tu na Nakonde ya leo, ng'ambo ya Tunduma. Juu yake kuna Mbozi, misheni ya Wamoravian iliyoanzishwa na Traugott Bachmann mwaka 1899. Neu Langenburg ni Tukuyu. Ile barabara ya Stevenson iliyotoka ziwa hadi ziwa nayo kaichora, kwa nukta.

Kuna mapigano manne ya kucheza. La kwanza ni Karonga, tarehe 9 Septemba 1914, Wajerumani walipovuka mto Songwe kwenda kuwashambulia Waingereza na kurudishwa. La pili ni kuzingirwa kwa Saisi, Julai 1915, kati ya Fife na Abercorn. La tatu ni Mei 1916, pale Jenerali Northey alipovuka mpaka na safu nne kwa mpigo, akilenga Namema, Luwiwa, Igamba na Ipiana. La nne ndo tamu: tarehe 2 Novemba 1918, von Lettow anatokea Mbozi anaelekea Fife, vita vya Ulaya vimebakiza siku tisa viishe na yeye hana habari.

Nilichokipenda mara ya kwanza ni jinsi alivyoheshimu nchi. Nyasi ndefu zinaficha kikosi mpaka kiwe jirani. Bombomu lina nguvu kuliko mzinga, na ndivyo ilivyokuwa. Kuna kadi ya malaria inayoondoa askari bila risasi kupigwa, na kuna kadi ya mbung'o: ukiipata, farasi na ng'ombe wote wa mpinzani wanatolewa ubaoni na hawarudi. Nilicheka, ila ni kweli tupu. Wanyama wa mizigo walikufa kwa maelfu kwenye vita hivi, na mbung'o ndiye aliyewamaliza.

Tukacheza Fife mara mbili. Mara ya kwanza nikashinda mimi kama Mwingereza, mara ya pili akashinda yeye. Safi kabisa. Ila kuna kitu kilikuwa kinanikera na nikawa sijui kukisema. Nikarudi kwenye kurasa za kanuni. Ukurasa wa tatu, kwenye orodha ya ardhi, palikuwa na mstari huu: kijiji, kinga ya dadu moja. Maana yake kikosi kikijificha kijijini, anayekishambulia anarusha dadu pungufu. Basi, hiyo ndiyo kazi ya kijiji. Mbozi nzima, pamoja na Hasamba yetu ambayo hata haikuchorwa, ni kinga ya dadu moja.

Tulikuwa tumetandika ubao kibarazani. Babu alikuwa amerudi shambani, akavuta kigoda akakaa. Babu yangu ni mtu wa bao. Alijifunza bao la Kiswahili kwa watu wa Pwani walipokuwa wakijenga reli ya TAZARA miaka ya 1970, na mpaka leo Hasamba nzima hakuna wa kumtoa kirahisi. Akatazama wale askari wa plastiki muda mrefu. Mwenzangu, kwa adabu zake za Kitanga, akamwamkia tena, "Shikamoo Babu," akaanza kumweleza: hawa Wajerumani, hawa Waingereza, huyu bombomu.

Babu akaitikia, "Marahaba, bwana mdogo." Halafu akauliza, "Na hawa wanakula nini?"

Mwenzangu akasema kwenye mchezo hawali, Babu.

"Na risasi zao amebeba nani?"

Kimya.

Hapo Babu akatusimulia jambo ambalo nimelisikia vipande vipande tangu utotoni, ila sijawahi kulisikia mfululizo. Babu yake yeye alikuwa kijana wa makamo vita vilipoanza. Wajerumani wakamchukua kubeba mizigo ya kwenda mpakani. Akabeba. Waingereza walipovuka, Wajerumani wakakimbilia upande wa Njombe na Iringa, yeye akabaki njiani na mzigo wake. Waingereza wakamkuta. Hawakumpiga risasi wala hawakumwambia rudi kwenu. Wakamtwisha mzigo mwingine na safari ikaendelea, njia ile ile, kuelekea kule kule. Akarudi nyumbani baadaye amekonda. Kisha mwaka ule wa mwisho, Wajerumani walipotokea tena ghafla, wakapita wakachukua wanaume, naye akiwemo. Wakavuka naye mpaka. Hakurudi tena, na hakuna anayejua alilala wapi. Babu alisimulia yote hayo bila kupandisha sauti, kama mtu anayehesabu magunia ya buni.

Sasa nisimamie hapo kidogo, maana hili silo la ukoo wetu peke yake.

Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa kwenye nchi isiyo na barabara za magari za maana, na reli chache zilikuwa mbali na huku. Reli ya Waingereza upande wa kusini ilipita Broken Hill (sasa Kabwe) na Ndola. Kutoka huko mpaka Fife na Abercorn ni mamia ya kilomita. Mengine yalipitishwa kwa mitumbwi kwenye Ziwa Bangweulu na mto Chambeshi, yaliyobaki yakapanda kichwani. Ng'ombe na farasi ndo hao wanakufa. Kwa hiyo chombo cha usafiri kilikuwa binadamu. Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tengatenga. Kenya walikuwa watu wa Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu iliitafuna likawa Kariakoo, na kambi yao pale Dar es Salaam ikaacha jina mpaka leo tunanunua nyanya humo.

Fanya hesabu ndogo ya kwenye kopo la unga. Mpagazi alibeba kilo kama 25. Yeye mwenyewe anahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Mpeleke mwendo wa siku 12, halafu arudi siku 12. Kama anakula kutoka kwenye mzigo wake, kilo 24 zimeishia tumboni kwake na amemfikishia askari kilo moja. Moja! Kwa hiyo ama unaweka wapagazi kwa makundi ya kupokezana, na kila kundi linataka kulishwa, ama unakula vijiji vilivyo njiani. Pande zote mbili zilifanya vyote viwili. Kijiji kilitoa wanaume, kikatoa na mahindi na ulezi ambao wale wanaume wangeulima mwaka unaofuata, kama wangekuwepo.

Upande wa Waingereza peke yao, katika vita vyote vya Afrika Mashariki, waliandikishwa wapagazi wanaofikia milioni moja. Waliokufa kwa hesabu za kiserikali si chini ya 95,000, na wapo wanahistoria wanaosema walizidi 100,000. Askari wa Kiingereza wa rangi zote waliokufa walikuwa zaidi ya 11,000. Yaani kwa kila askari mmoja aliyekufa, wapagazi wanane na zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Ni kuhara damu, malaria, kichomi, baridi ya milimani bila blanketi, unga usioiva vizuri. Upande wa Wajerumani hata hesabu ya namna hiyo hakuna, kwa sababu wengi walikamatwa njiani, wakabeba, wakatoroka au wakaanguka, na hakuna aliyeandika majina.

Kwa hiyo mchezo wenye askari, bombomu na mizinga bila wapagazi, umetoa nje sehemu kubwa ya watu waliokuwepo na sehemu kubwa zaidi ya waliokufa. Nikamwambia mwenzangu hivyo. Akanuna kidogo. Akasema, huu ni mchezo wa mbinu za mapigano, si mchezo wa ghala. Wapagazi wapo nyuma ya ubao, tunawachukulia kuwa wapo. Nikamwambia ndivyo walivyochukuliwa hata wakati ule.

Ni Babu aliyetuamulia, kwa kwenda ndani kuleta bao lake.

Kwa wasiocheza bao, nieleze kifupi. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, kete ni 64, kila mtu 32. Ukila, unazoa kete za mpinzani zilizo kwenye shimo la safu yake ya mbele linalotazamana na lako, kisha unazipanda upande wako ukianzia kichwani. Hakuna kete inayotolewa nje ya ubao. Iliyokuwa yake sasa ni yako, na inaanza kukufanyia kazi papo hapo, hata kumla yule yule aliyekuwa mwenyewe dakika moja iliyopita. Ukitafakari, hii ni tofauti kubwa na Memoir '44. Kule kipande kikipigwa kinarudi kwenye boksi. Kwenye bao kinabadilisha mwenyewe tu.

Na ndicho kilichompata babu yake Babu mwaka 1916. Aliliwa, akapandwa upande wa pili.

Basi tukaweka kanuni mpya. Kete za Babu ni wapagazi. Kila kikosi lazima kiwe na kete tatu kwenye chumba cha nyuma yake. Kikizikosa hakiendi, na kinapiga kwa dadu moja tu. Adui akiingia kwenye chumba chenye kete, haziui, anazihamisha zikae nyuma ya vikosi vyake. Kete mpya zinatoka vijijini: kila kijiji kinaanza na sita, ukipita unachota. Na kila baada ya zamu mbili, kila kikosi kinatoa kete moja nje kwa njaa na maradhi, isipokuwa kama kimekaa kijijini, hapo anakufa mkaaji wa kijiji badala yake. Hii ya mwisho ni yangu, na mwenzangu aliipinga sana. Tukaipigia kura, Babu akainua mkono.

Tukacheza Fife upya. Mwenzangu von Lettow, Babu Mwingereza, mimi mwamuzi kama kwenye ile meza ya Waprusi. Babu hakushughulika na medali kabisa! Vikosi vyake viwili vilikaa Fife vimejifukia, na kile cha tatu akakizungusha pembeni polepole, zamu tano nzima, mwenzangu anacheka anasema Babu umepotea njia. Zamu ya sita kikatokea nyuma ya Mbozi kikazoa kete tisa kwa mkupuo. Von Lettow akabaki na vikosi vinne vizima, bombomu mbili, na hawezi kusogea.

"Lakini Babu, hujaua hata mtu mmoja!"

"Kwani kwenye bao unaua?" Babu akasema, huku anapanga kete.

Historia yenyewe haikwenda hivyo, niseme ukweli. Von Lettow alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji ya Wareno tarehe 25 Novemba 1917, akazurura huko miezi kumi, akarudi kwetu mwishoni mwa Septemba 1918 kupitia Songea na Njombe. Mwishoni mwa Oktoba akapita Mbozi. Fife akaikuta imejiandaa, akaipiga mizinga kidogo, akaona hasara, akaipita. Tarehe 9 Novemba vikosi vyake vikaingia Kasama. Tarehe 13 ndo akapata habari kuwa vita vimekwisha, akiwa maeneo ya mto Chambeshi, na tarehe 25 Novemba 1918 akasalimisha silaha Abercorn. Siku hiyo alikuwa na Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, na wapagazi wapatao 1,500, bila kuhesabu wanawake na watoto waliofuatana na safu. Vitabu vingi vinamsifu kwamba hakushindwa vitani. Mimi swali langu ni dogo: hao 1,500 walikuwa watu wa wapi, na walioanza naye walikuwa wangapi? Aliweza kwenda mbele kwa sababu kila alikopita alichota upya. Sifa ya kuhamahama kwake bila ghala inatoka hapo. Ghala lilikuwa sisi.

Kwenye mchezo wa marudiano mwenzangu naye akashtuka. Hakungoja kuzungukwa. Akaanza kwa kupita kijiji kimoja kimoja kuchota kete zote kabla Babu hajafika, na Babu alipoona hivyo naye akawahi vya upande wake. Wakashindana kwa kasi kweli, wanaweka, wanachota, wanahesabu. Mwenzangu akashinda kwa medali moja. Tulipotazama ubao, vijiji vyote vilikuwa sifuri, na mchezo ulikuwa umefika nusu tu.

Hapo mwenzangu akasema neno ambalo bado linanisumbua. Alisema, "Unaona sasa? Umenifanya niteke kijiji chenu kwa raha." Kanuni zangu zimeleta wapagazi ubaoni, sawa, ila zimewaleta kama mafuta ya gari. Anayecheza vizuri ni anayewamaliza haraka. Ile ya zamani iliwasahau, hii yangu inamfundisha mtu kuwatumia. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la kutosha. Ninachojua ni kwamba kati ya mchezaji asiyejua kijiji kipo na mchezaji anayekitazama kikiisha mkononi mwake, huyu wa pili angalau ameona.

Na bao nalo lina mahali linapopungukiwa, tusilipambe. Kwenye bao safu ya nyuma hailiwi. Ukiweka kete zako nyuma zina amani. Mwaka 1918 safu ya nyuma ndiyo iliyoliwa kwanza.

Nikakumbuka ile Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, ambayo kila mwanafunzi kaipita akiwa kwenye daladala. Iliwekwa mwaka 1927. Askari wa shaba, bunduki mkononi, singe mbele, anatazama bandarini. Maandishi ya chini yanawataja na wapagazi, ila juu hawapo. Nairobi kuna dada yake wa kumbukumbu hiyo hiyo, wamesimama watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa nini wao wakapewa na sisi hapana, sielewi. Hata mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa wale wazee waliopigana upande wa von Lettow, waliohusika ni askari. Mpagazi angedai kwa cheti gani?

Kwa sasa nyongeza iko hivi. Ubao umechorwa upya na Hasamba ipo, chumba kimoja, kete sita. Mstari wa "kinga ya dadu moja" umebaki kwa sababu mwenzangu kagoma kuutoa, na kweli ukuta wa nyumba unazuia risasi, siwezi kubisha. Amependekeza kanuni mpya: kila kete inayorudishwa kijijini ilikotoka, hai, ni medali kwa aliyeirudisha. Inavutia. Ila nimemwambia hakuna jemadari wa upande wowote aliyecheza kwa medali hiyo, kwa hiyo tukiiweka lazima iandikwe kwamba hii tumeitunga, haikutokea. Yeye anasema mchezo si mtihani wa lekcha. Babu anasema iwekwe, halafu medali yake iwe ndogo kuliko zile nyingine, tuone kama mtu ataihangaikia.

Kinachogomba sasa ni jalada. Jamaa kamchora von Lettow na kofia yake ile iliyokunjwa upande mmoja, na kamchora vizuri, mkono anao. Nimemwambia atoe au aongeze mtu wa nyuma mwenye mzigo kichwani. Anadai nafasi haitoshi. Basi letu la kurudi Dar ni Jumapili alfajiri, tuna siku tatu za kugombana, na kesho asubuhi wote watatu tunatakiwa shambani kwa sababu buni imeiva na mvua hazina adabu siku hizi.